Namna ya Kuupima Uzito wa Juu wa Uingereza: Mwongozo kwa Mfuatiliaji wa Masumbwi

Septemba 2024 watu wapatao 96,000 waliingia uwanja wa Wembley kumtazama Daniel Dubois akipigana na Anthony Joshua, na miaka miwili na ushei kabla ya hapo watu wapatao 94,000 walijaa uwanjani humo humo Tyson Fury alipomlaza Dillian Whyte. Anayefuatilia masumbwi kutoka Tanga au Mombasa akiuona umati wa namna hiyo kwenye runinga, ni rahisi aamini kwamba uzito wa juu duniani ni mali ya Waingereza. Mwongozo huu unaeleza hatua za kufuata ili uweze kuwapima mabondia hao mwenyewe, kwa hali ilivyokuwa mwaka 2025 ulipomalizika, na uweze pia kukisia wanakoelekea bila kumsubiri mchambuzi akutafunie.

Anza na Usyk

Kipimo cha kwanza ni raia wa Ukraine, Oleksandr Usyk, kwa sababu amepita katikati ya kizazi kizima cha Waingereza na hakuna aliyemzuia. Chukua karatasi uandike. Novemba 2018 mjini Manchester alimpiga Tony Bellew raundi ya nane, wakati huo wote wawili wakiwa uzito wa kruza unaokomea kilo 90.7. Oktoba 2020 akamshinda Derek Chisora kwa pointi mjini London. Septemba 2021 akamvua Joshua mikanda mitatu katika uwanja wa Tottenham, kisha akamshinda tena Jeddah Agosti 2022. Agosti 2023 akamsimamisha Dubois raundi ya tisa mjini Wrocław, Poland. Mei 2024 akamshinda Fury mjini Riyadh na kuwa bingwa asiyepingika, yaani mwenye mikanda yote mikuu ya uzito huo, Desemba mwaka huo akarudia, na Julai 2025 akaja Wembley kumwangusha Dubois mara mbili katika raundi ya tano, na ya pili haikuwa na kuinuka. Ni mapambano manane dhidi ya Waingereza watano, na yote nane kayashinda.

Ukishaiandika orodha hiyo, usiishie kwenye matokeo, bali andika mbele ya kila jina kiasi gani bondia huyo alimkaribia Usyk. Fury, katika pambano la kwanza, alipewa ushindi na jaji mmoja kwa pointi 114 kwa 113, na kama si raundi ya tisa aliyoyumba kamba hadi kamba mpaka mwamuzi akamhesabia, huenda usiku ule ungekuwa na jina lingine. Pambano la pili majaji wote watatu walimwandikia Usyk 116 kwa 112, na hapo hakuna wa kulalamika ingawa Fury mwenyewe alilalamika. Joshua naye alipata jaji mmoja Jeddah. Dubois hakuisikia kengele ya mwisho mara zote mbili. Kwa kipimo hiki Fury yuko juu, Joshua anafuata na Dubois yuko chini yao, na hapo ndipo kipimo kinapogongana na kumbukumbu yako, kwa sababu Dubois ndiye aliyemsambaratisha Joshua. Mgongano huo ni wa kawaida katika masumbwi: mtu anaweza kushindwa na fundi na bado akamvunja mtu aliyekuwa karibu na fundi huyo. Ndiyo maana kipimo kimoja hakitoshi.

Usihesabu mikanda, uliza ilivyopatikana

Kuna vyama vinne vinavyotambuliwa kutoa ubingwa wa dunia, yaani WBA, WBC, IBF na WBO, na kila kimoja kina bingwa wake, mpinzani wake wa lazima na mara nyingi bingwa wa muda pia. Wapenzi wa soka Afrika Mashariki wanajua ushindi wa mezani ni nini, na kwa hiyo wana bahati ya kuelewa haraka jambo ambalo wengi hulikosa: mikanda miwili ya karibuni ya Uingereza ilipatikana mezani. Juni 2024 Dubois alimpiga Filip Hrgovic wa Croatia kwa ubingwa wa muda wa IBF. Usyk akauachia mkanda kamili mwezi huo huo, na Dubois akapandishwa bila kurusha ngumi nyingine. Oktoba 2025 Fabio Wardley alimsimamisha Joseph Parker wa New Zealand katika raundi ya 11 kwa ubingwa wa muda wa WBO. Usyk akauachia mkanda huo pia mwezi uliofuata, na Wardley akaamka akiwa bingwa wa dunia.

Hata mkanda wa kwanza wa Joshua una ukoo wa aina hiyo. Fury alimshinda Wladimir Klitschko mjini Düsseldorf Novemba 2015, lakini siku chache baadaye IBF wakamnyang'anya mkanda wao kwa kuwa alikuwa amefungwa na mkataba wa marudiano na hakuweza kupigana na mpinzani waliyemtaka. Mkanda ukaenda kwa Mmarekani Charles Martin, ambaye aliupata baada ya mpinzani wake kuumia goti ulingoni, na Aprili 2016 Joshua akamlaza Martin ndani ya raundi mbili.

Simaanishi kwamba mabingwa hawa ni bandia. Joshua alililipa deni la mkanda ule Aprili 2017, alipomwangusha Klitschko, akaangushwa yeye, kisha akainuka na kumsimamisha katika raundi ya 11 mbele ya watu 90,000. Dubois naye alililipa la kwake kwa kumpiga Joshua huyo huyo. Ninachosema ni kwamba ukisikia Uingereza ina bingwa wa dunia, swali lako liwe: alimpiga nani siku aliyoupata, na amempiga nani tangu aupate?

Kuna mkanda mmoja ambao mimi binafsi nauamini kuliko hiyo ya dunia kwa kubashiri, nao ni mkanda wa Lonsdale, yaani ubingwa wa Uingereza wenyewe, uliokuwepo tangu 1909 na ambao bondia huruhusiwa kuubeba moja kwa moja akishinda mapambano matatu ya ubingwa huo. Tazama waliopita hapo. Lennox Lewis aliuchukua mwaka 1991 kabla ya kufika kileleni na kuwa bingwa asiyepingika mwaka 1999. Fury aliupata mwaka 2011 kwa kumshinda Chisora, Joshua mwaka 2015 kwa kumsimamisha Whyte, Dubois mwaka 2019 na Wardley mwaka 2022. Pambano la namna hiyo huwakutanisha watu wanaojuana tangu mazoezini, hakuna mgeni wa kusingiziwa ubovu, na aliyeshindwa hubaki jirani na aliyemshinda. Ukitaka kujua nani atakuwa bingwa wa dunia miaka minne ijayo, tazama nani anagombea mkanda huo mwaka huu.

Soma rekodi kwa majina

Rekodi ya bondia chipukizi wa Uingereza hutengenezwa kwa mpangilio. Promota humletea wapinzani kutoka nje, wengi wao wakiwa wamechaguliwa kwa sababu wana moyo wa kusimama raundi chache na hawana ngumi ya kuharibu mipango. Watanzania tunaujua mpango huo kwa upande wake wa pili: Septemba 2018 Hassan Mwakinyo alipelekwa Birmingham akiwa ngazi ya kupandia Sam Eggington, na raundi ya pili ngazi ikampiga mpandaji. Kwa hiyo ukiona rekodi ya ushindi kumi na tano bila kushindwa, fungua BoxRec, tovuti inayohifadhi rekodi za mabondia, mtazame kila mpinzani, uone alikuwa ameshindwa mara ngapi na alikuwa na umri gani siku ile.

Mfano mzuri wa kujifunzia ni Moses Itauma. Alizaliwa Desemba 2004 nchini Slovakia, baba Mnaijeria na mama Mslovakia, akakulia Chatham katika jimbo la Kent, akawa bingwa wa dunia wa vijana mwaka 2022 na kuingia ngumi za kulipwa Januari 2023 akiwa na miaka 18. Ni shoto, ana miguu myepesi kwa mtu wa umbo lake, na mikono yake huondoka bila kutoa taarifa. Desemba 2024 alimmaliza Demsey McKean wa Australia katika raundi ya kwanza, Mei 2025 akammaliza Mike Balogun wa Marekani katika ya pili, na Agosti 2025 mjini Riyadh akamfanyia Whyte vivyo hivyo kabla raundi ya kwanza haijaisha.

Sasa fungua majina. Whyte alikuwa na miaka 37 na vita nyingi mwilini. Hakuna katika waliopigwa ambaye angeingia orodha ya watano bora duniani siku aliyokutana naye. Hilo halipunguzi kipaji cha Itauma, na kwa jicho langu ndiye Mwingereza mwenye kipaji kikubwa kuliko wote wanaopigana sasa. Linaonyesha tu kwamba hadi 2025 inamalizika yako mambo matatu ambayo hakuna aliyeyaona kwake. Hatujaona anapumuaje raundi ya tisa. Hatujaona uso wake baada ya konde zito la kidevu. Hatujaona anafanya nini mtu mrefu akimzuia kwa mkono wa mbele usiku kucha. Pambano litakalojibu hata moja kati ya hayo lina thamani kuliko ushindi mwingine watano wa dakika mbili.

Tazama mkono usiopiga

Hatua hii ndiyo inayochukua muda, na ndiyo inayofundisha zaidi. Nilikuwa nimeapa mbele ya watu kwamba Joshua angemshinda Dubois Septemba 2024, kwa kuwa nilisoma majina nikasahau kutazama miili. Nimelitazama pambano lile mara nyingi tangu siku hiyo, na naomba ulitazame kwa mpangilio ufuatao.

Mara ya kwanza mtazame Joshua peke yake. Sekunde za mwisho za raundi ya kwanza mkono wa kulia wa Dubois unapita juu ya ulinzi na Joshua anaanguka. Akiinuka, miguu yake inakuwa ya mtu anayetembea kwenye godoro. Anaanguka tena raundi zinazofuata. Kufika raundi ya tano anapata kile alichokuwa akikitafuta, kwani mkono wake wa kulia unamkuta Dubois na Dubois anayumba kweli kweli. Simamisha picha hapo. Joshua anaingia kumaliza kazi, anarusha ngumi ya kulia kutoka chini kwenda juu akiwa mbali kidogo kuliko inavyotakiwa, na wakati mkono ule unapanda, kidevu chake kiko wazi kwa kuwa mkono wa kushoto umeshuka hadi karibu na kifua. Dubois, aliyekuwa akirudi nyuma akiwa ameumia, anarusha ngumi fupi ya kulia katikati ya pengo hilo. Pambano limekwisha.

Mara ya pili mtazame Dubois tu, na ujiulize kama huyo ndiye mtu yule yule aliyepiga goti na kuhesabiwa mbele ya Joe Joyce Novemba 2020, mfupa wa jicho la kushoto ukiwa umevunjika, huku watu wakisema hana moyo. Desemba 2022 aliangushwa mara tatu katika raundi ya kwanza na Kevin Lerena wa Afrika Kusini, akabaki, akashinda raundi ya tatu. Mtu aliyeitwa mwoga alikuwa akijifunza ustahimilivu hadharani, na asiyefuatilia mapambano madogo hakuliona.

Kwa Wardley utumie njia hiyo hiyo, ila utazame raundi za kupoteza. Huyu hakuwahi kupigana ridhaa. Alianzia kwenye mapambano ya waajiriwa wa ofisini, yeye mwenyewe akifanya kazi ya kuzitafutia kampuni wafanyakazi. Juni 2025 katika uwanja wa Portman Road, nyumbani kwao Ipswich, Justis Huni wa Australia alimfundisha ndondi raundi tisa na kadi zote tatu zilimwonyesha Wardley yuko nyuma, hadi raundi ya kumi ngumi moja ya kulia ilipofuta somo lote. Ukilitazama bila kujua mwisho utaona kasoro mbili zisizofichika: kichwa kinakaa sehemu moja, na miguu hufika baada ya mikono. Lakini utaona pia jambo ambalo mazoezi hayamfundishi mtu, kwamba raundi ya kumi alikuwa anarusha kwa nia ile ile ya raundi ya kwanza.

Chunguza kisima

Anayetaka kujua kesho ya uzito huu aangalie wanakotoka. Kwa zaidi ya miaka ishirini kisima kikuu kilikuwa timu ya taifa ya ridhaa. Audley Harrison alileta dhahabu kutoka Sydney mwaka 2000. David Price akaleta shaba kutoka Beijing 2008, Joshua dhahabu London 2012, Joyce fedha Rio 2016, na Frazer Clarke shaba Tokyo. Kuanzia Beijing ni Olimpiki nne mfululizo zenye medali katika uzito mkubwa kuliko wote. Medali si hati ya ubingwa, na Harrison na Price ni ushahidi wa kutosha, lakini timu ile ilihakikisha kwamba kila baada ya miaka minne mtu mmoja mkubwa anatoka akiwa amepigana na Wakuba, Warusi na Wakazaki kabla hajalipwa senti.

Paris 2024 mnyororo ulikatika. Delicious Orie, bingwa wa Jumuiya ya Madola mwaka 2022, alitolewa pambano lake la kwanza, akaingia ngumi za kulipwa Aprili 2025, akashinda mara moja, na mwezi uliofuata akatangaza kuacha kabisa. Wakati huo huo wenye vipaji hawasubiri tena Olimpiki. Dubois aliondoka akiwa na miaka 19 na Itauma na 18. Masumbwi yamethibitishwa kuwemo Los Angeles 2028, kwa hiyo kisima hakijafungwa, ila mimi nakiona kimepungua maji, na matokeo yake tutayaona kati ya 2028 na 2032 zaidi kuliko leo.

Fuata fedha

Hapa sitakaa sana. Mapromota Frank Warren wa Queensberry na Eddie Hearn wa Matchroom waligawana uzito huu kwa miaka mingi na kuzuia mapambano ambayo watu walitaka kuyaona. Pambano la Fury na Joshua lilikuwa limepangwa Agosti 2021 nchini Saudia, likavunjika miezi michache kabla kwa sababu msuluhishi aliamua Mmarekani Deontay Wilder apewe kwanza pambano lake la tatu na Fury, na hadi 2025 inamalizika wawili hao hawakuwa wamekutana. Fedha za Riyadh chini ya Turki Alalshikh, afisa wa Saudia anayesimamia burudani, ndizo zilizowalazimisha mapromota kukaa meza moja. Juni 2024 mabondia watano wa Warren walipigana na watano wa Hearn usiku mmoja, na Warren akashinda yote matano. Faida yake ni kwamba wazuri sasa hukutana wakiwa bado wazuri. Hasara yake ni kwamba mfuko ni wa mtu mmoja, na mfuko wa mtu mmoja ukifungwa, ndoa nyingi za kibiashara zitavunjika kwa wiki moja.

Watoe wazee kwenye hesabu, kisha ukadirie

Fury alizaliwa 1988 na Joshua 1989. Fury alitangaza kustaafu Januari 2025, na kwa kuwa ameshatangaza mara kadhaa na kurudi, tangazo lake lichukuliwe kama taarifa ya hali ya hewa. Joshua alimlaza Jake Paul mjini Miami Desemba 2025, jambo lisilotueleza chochote kuhusu uwezo wake, na siku kumi baadaye akawa kwenye ajali ya gari nchini Nigeria iliyoua rafiki zake wawili wa karibu. Baada ya msiba wa namna hiyo si haki kumpangia mtu ratiba. Wote wawili wanaweza bado kujaza viwanja. Katika hesabu ya nguvu ya baadaye, waweke pembeni.

Wanaobaki, kwa umri wa mwisho wa 2025, ni Dubois mwenye miaka 28, Wardley mwenye 31 na Itauma mwenye 21, na nyuma yao kundi la wanaume wanaopeana zamu ya kupigana. Usyk, aliyezaliwa 1987, hatakaa milele. Siku atakapoondoka mikanda itatawanyika, na inawezekana kabisa Waingereza wawili wakashika mikanda minne kati yao kwa mpigo. Kukadiria kwangu ni huku: idadi ya mabingwa wa Uingereza itapanda kabla ubora haujapanda, na mtu pekee ninayemwona anaweza kuyafanya mambo hayo mawili yaende pamoja ni Itauma, ikiwa atapelekwa raundi za mwisho na mtu anayejua kupiga kabla hajapewa mkanda wa mezani.

Panga usiku wako

Mapambano makuu ya London huanza takriban saa nne usiku kwa saa za kule. Kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba tofauti na Afrika Mashariki ni saa mbili, kwa hiyo uwe tayari saa sita usiku. Miezi mingine tofauti ni saa tatu na utangoja hadi saa saba. Usiingie wakati wa pambano kuu tu. Washa mapema, utazame mapambano ya utangulizi, ambamo kwa kawaida ya Uingereza mwamuzi aliyeko ulingoni ndiye pekee anayeandika pointi za mapambano yasiyo ya ubingwa, na akimaliza huenda moja kwa moja kumnyanyua mshindi mkono bila kadi kusomwa. Riyadh saa yao ni saa yetu, lakini wanawasubiri watazamaji wa Uingereza, na pambano kuu husogea hadi baada ya saa sita usiku. Chai ya tangawizi iandaliwe mapema, na karatasi ya majina iwe karibu.